Nyanya aliandika 'tuma', kitambaa kikarudi Nkubu

Juma hili nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa kwa sababu ya barua moja iliyonichekesha, kisha ikanifanya nifungue vitabu hadi usiku wa manane. Imeandikwa na msichana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Nkubu katika Kaunti ya Meru, ambaye sasa anaishi Nairobi kwa mama yake mdogo.

Anasema kwamba nyanya yake alinunua kitambaa cha sare katika soko la Nkubu, akakipakia kwenye matatu kije Nairobi, kwa kuwa mama mdogo ana cherehani na hatamtoza mjukuu pesa. Siku kadhaa baadaye nyanya akawakumbusha kwa ujumbe wa simu wa maneno mawili tu, kwa Kimeru: "Tuma nguo." Mama mdogo alikuwa kazini. Aliyeusoma ujumbe ni mwanawe, kijana wa mjini ambaye Kimeru chake ni cha kuokoteza. Akatangaza nyumbani kwamba nyanya anataka nguo yake irudishwe. Basi kitambaa kikakunjwa, kikatiwa katika mfuko, kikapanda matatu. Kikapita Embu, kikapita Chuka na Chogoria na Igoji, kikashuka Nkubu kama kilivyoondoka, bila hata uzi mmoja. Shule zilipofunguliwa, msichana wetu alikwenda na sketi ya mwaka uliopita inayombana.

Hapo ningecheka nikaishia. Lakini aliposimulia kisa hicho darasani, wenzake walimwambia kwamba kosa ni la nyanya, kwa kuwa Kimeru "ni Kiswahili kilichopotoka": ati watu wa milimani waliazima neno 'tuma' kutoka pwani, kisha wakalitumia ovyo hata kwa kushona. Anauliza, je, ni kweli?

La hasha! Nyanya hakukosea. Aliyekosea ni simu.

Katika Kimeru kuna vitenzi viwili tofauti kabisa. Kimoja ni gũtũma, maana yake kutuma. Cha pili ni gũtuma, maana yake kushona. Tazama kile kialama kilicho juu ya u katika kitenzi cha kwanza. Si pambo hicho. Kinaonyesha irabu nyingine, inayotamkwa kwa midomo iliyolegea kidogo, mahali fulani kati ya u na o ya Kiswahili. Mtu wa Nkubu hawezi kuzichanganya hizo mbili, sawa na wewe usivyoweza kuchanganya 'pita' na 'peta'. Kiswahili kina irabu tano. Kimeru kina saba, sawa na Kigikuyu na Kiembu. Nyanya alitaka kushona, akaandika tuma isiyo na alama, na kwa kanuni za maandishi ya Kimeru aliandika sawasawa. Shida ni kwamba wengi wetu tunapoandika kwenye simu hatuweki alama hizo hata pale zinapotakiwa, kwa hiyo macho ya kijana hayakuwa na la kumwongoza ila Kiswahili chake.

Sasa tuje kwenye lile la kuazima, maana hapo ndipo penye utamu.

Hebu jiulize: Kiswahili nacho kina vitenzi vingapi hapo? Kina tuma, ambacho ni sawa na tũma cha Kimeru. Je, tuma ya kushona iko wapi? Usiitafute kwenye 'shona', hicho ni kitenzi kingine chenye ukoo wake. Itafute kwa bibi anayekaa kibarazani na sindano mbili na bonge la uzi. Anafanya nini? Anafuma. Anafuma sweta, anafuma kitambaa cha meza. Fuma ya Kiswahili na tuma ya Kimeru ni mtoto wa mama mmoja. Kigikuyu kina jozi hiyo hiyo ya tũma na tuma, kwa maana hizo hizo mbili.

Utaniuliza, f na t zinahusiana vipi? Zamani sana, miaka 4,000 hivi iliyopita au zaidi, mababu waliosema lugha iliyozaa lugha zote za Kibantu walikuwa upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni. Lugha yao ilikuwa na irabu saba. Mjerumani Carl Meinhof, aliyechapisha kitabu chake kikubwa kuhusu sauti za Kibantu mwaka 1899, aliziita mbili kati yake irabu "nzito". Ni i na u zinazotamkwa kwa kubana sana. Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Sema 'tu' huku umebana midomo kupita kiasi, kama anayepuliza moto. Utasikia pumzi inayotoka baada ya t ikikwaruza midomoni. Katika lugha nyingi za Kibantu, Kiswahili kikiwemo, mkwaruzo huo ulizidi hata ukaimeza t yenyewe, ikabaki f. Tuma yenye u nzito ikawa fuma. Tũma yenye irabu nyepesi haikuguswa, kwa kuwa midomo haikubanwa.

Baadaye Kiswahili kikaacha kutofautisha irabu nzito na nyepesi, saba zikawa tano. Na mpango wa matukio hapa ni muhimu, maana ndio unaotuonyesha yaliyotukia ingawa hakuna aliyeyaandika. Lau irabu zingalichanganyika kwanza, t zote mbili zingalikuwa mbele ya u ile ile, na zote mbili zingalipatwa na jambo moja. Leo tungekuwa tunafuma barua na kufuma sweta, au tunatuma vyote viwili. Kwa kuwa tunatuma barua na kufuma sweta, ni lazima f ilitokea kwanza, na irabu zikaungana baadaye. Ni kama nyayo za ng'ombe juu ya alama za magurudumu ya mkokoteni: anayezitazama anajua ni kipi kilichopita mwanzo.

Kwa hiyo tofauti ile ya kale haikupotea katika lugha yoyote kati ya hizi mbili. Kimeru kiliiweka katika irabu. Kiswahili kiliihamishia katika konsonanti. Mambo yalipofika kwenye simu, ambako irabu zote za Kimeru huvalishwa kanzu moja, ndipo kijana alipopotea.

Na kama kungekuwa na kuazima, kungeonekana. Kigikuyu, kwa mfano, hakina f ya asili, na neno 'fundi' lilipopanda kutoka pwani liligeuka 'bundi'. Fuma nayo ingaliazimwa ingalikuwa kitu kama 'buma'. Haikuwa hivyo. Tuma ya kushona ilikuwako milimani tangu awali, na t yake ni ya zamani kuliko f ya Kiswahili. Wale wanafunzi waliomcheka mwenzao wajue hivyo.

Mfano mmoja haujengi sheria, najua. Hebu nikupe mingine kutoka jikoni na barazani. Mwezi wa Kiswahili ni mweri kwa Kimeru. Huko ni i nzito iliyokwaruza sauti iliyoitangulia hadi ikawa z pwani, ilhali milimani imekuwa r tulivu. Kufa ni gũkua. Hapo k ndiyo iliyokwaruzwa na u nzito. Mafuta ni maguta, na neno hili nalipenda zaidi ya yote kwa sababu limepigwa na sheria mbili kwa wakati mmoja. Mzizi wake wa kale ulikuwa na k: pwani ikawa f kwa sababu ya u nzito, na milimani ikawa g kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo inaitwa Sheria ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari Mjerumani katika nchi ya Unyamwezi, ndiye aliyeigundua, na Meinhof akaipa jina lake mwaka 1903. Inasema kwamba k haipendi kufuatwa na silabi yenye konsonanti kavu kama yenyewe, kama vile t au k, basi hujilainisha ikawa g. Ndiyo maana kwa Kimeru unasema kũrĩma, yaani kulima, lakini si 'kũtũma' bali gũtũma. Mwana wa Nkubu huifuata sheria hii mara mia kwa siku pasipo kujua kwamba ina jina la Mjerumani.

Kazi hii ya kufuata kitenzi kutoka lugha moja hadi nyingine haikuanzia kwetu. Wahiti unawajua kutoka katika Biblia, kwa Uria Mhiti. Walikuwa na dola kubwa katika nchi ya Anatolia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Kuanzia mwaka 1906 wachimbaji walitoa maelfu ya vibao vyao vya udongo huko Boğazköy, na vile vya lugha yao wenyewe havikueleweka mpaka mwaka 1915, Bedřich Hrozný alipokitambua kitenzi kimoja tu. Aliona alama iliyojulikana ya mkate, na karibu yake neno lenye mzizi kama ed au ezza, akakumbuka edo ya Kilatini na essen ya Kijerumani. Ni kula! Kando yake kulikuwa na watar, na huhitaji kuambiwa kwamba ni maji ukijua Kiingereza. Tangu hapo ikajulikana kwamba Kihiti ni ndugu wa mbali wa lugha nyingi za Ulaya, na kitenzi hicho cha kula kikaonekana pia katika ndugu zake wa Anatolia, Kiluwi na Kipala.

Kuna zaidi. Mwaka 1879 kijana Ferdinand de Saussure alikuwa amedai, kwa hesabu za irabu peke yake, kwamba lugha ya kale ya ukoo huo ilikuwa na sauti zilizopotea katika lugha zote zilizojulikana wakati huo. Hakuwa na ushahidi wa macho. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba Kihiti kina konsonanti mahali pale pale Saussure alipoziweka.

Sisi hatuna vibao vya udongo. Tuna wazee, na mchezo ni ule ule. Chukua kitenzi 'fua', si cha nguo bali cha chuma, kazi ya mhunzi. Kiswahili hupenda kuangusha l katikati ya maneno, kwa hiyo turudishe: fula. Turudishe f mahali pake pa kale: tula. Milimani l hiyo huwa r: tura. Kwa hesabu tu, bila kumwuliza mtu, tumesema kwamba mhunzi wa Meru atakuwa na jina lenye mzizi wa tur. Sasa mwulize mzee yeyote pale Nkubu mhunzi anaitwaje. Atakwambia: mũturi. Nilipolikuta mara ya kwanza nilipiga meza kwa furaha, na jamaa zangu wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Kabla nafasi haijaniishia, nirudi kwenye tuma ya kutuma, maana sauti zake zilitulia lakini maana zake zilitangatanga. Ukiwa na kitenzi hiki unaweza kumtaja mtu aliyetumwa. Wazulu wana thuma, na mjumbe wao ni isithunywa. Rwanda mjumbe ni intumwa, na mbunge wao huitwa intumwa ya rubanda, yaani aliyetumwa na umma. Kigikuyu kina mũtũmwo. Walipotafsiri Biblia, wanafunzi wa Yesu waliotumwa kuhubiri wakaitwa Atũmwo, na hilo ndilo jina la kitabu cha Matendo ya Mitume katika lugha hiyo.

Pwani neno lile lile, mtumwa, lilipata maana nyingine. Huko kulikuwa na mashamba ya mikarafuu na minazi, kulikuwa na misafara na majahazi, na kulikuwa na watu waliotumwa usiku na mchana bila hiari na bila ujira. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, lakini neno halikurudi kwenye heshima yake. Katika Kiswahili aliyetumwa na Mungu ana jina lake peke yake, mtume, tofauti na la aliyetumwa na bwana shamba. Tume ya serikali nayo ni wa nyumba hiyo hiyo, ni watu waliotumwa kuchunguza jambo.

Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisikia redioni Mgikuyu akiwataja "Atũmwo a Jesũ" asishtuke. Na Mgikuyu anayeshuka Mombasa asimwite mjumbe wa watu mtumwa, hata kama babu yake angelimwita hivyo kwa nia njema.

Wale walioniandikia wakiuliza kwa nini Kiswahili hufua chuma na pia hufua nguo, barua zenu ninazo. Jumapili ijayo, Mungu akipenda.