TUSIFUNGE CHUMBA CHA ORDINATERE SIKU YA POSHO



Tangu juma lililopita habari moja inatembea katika interna: chumba cha ordinatere (kompyuta, kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania) kitafungwa kila siku ya posho mchana, mpaka kisha Exetat. Sababu tuliyoisikia ni hii: wanafunzi wanaingia mule kwa kuchezacheza, na mfinalisti anayetafuta majina ya mababu yake ama anayetazama nyota kwenye ekra hatapata hata pointi moja kwa jambo hilo. Sisi tunaoandika hapa ndiye kapita wa shule. Ufunguo wa chumba uko mikononi mwetu, na Exetat ya mwaka huu tutaipita sisi pia. Kwa heshima yote, hatukubali.

Tuanze na kosa letu, mtu asiseme tunaficha. Ni kweli, wanafunzi watatu walikamatwa wakicheza mpira wa ekra saa ya kundi. Ni sisi wenyewe tuliopeleka majina yao kwa direktere wa disiplini. Walilima shamba la shule siku tatu, na ilikuwa haki. Lakini kundi lina watu kumi na mmoja. Wale wanane wengine wanafanya nini? Wengine wanajifunza kuandika programu ndogo. Wengine wanapanga ukoo wao kwa Gramps, na wengine wanatazama mbingu kwa Stellarium. Programu hizo zote mbili ni za bure, tena zinatembea bila intaneti. Hiyo intaneti yenyewe tunaipata mara haba, siku mwalimu wa fizike anapotuhurumia na mega za telefone yake.

Wanasema ni mambo ya kupoteza wakati, kwa sababu hayako katika programu ya masomo. Basi tuwape habari ya William Herschel. Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza. Kazi yake ilikuwa muziki. Katika mji wa Bath alipiga kinanda cha kanisa na kufundisha wanafunzi wa muziki mchana kutwa. Nyota zilikuwa jambo la usiku, kisha kazi. Darubini kubwa hakuweza kununua, basi aliyeyusha madini mwenyewe, akamwaga kioo chake, akakisugua kwa mkono. Kusugua hakukubali kusimama katikati. Mara moja aliendelea saa kumi na sita, na dada yake Caroline alikuwa anamtilia chakula kinywani sawa mtoto. Tarehe 13 mwezi wa tatu 1781, katika bustani ya nyumba yake, aliona nyota moja yenye sura ya kisahani kidogo. Yeye mwenyewe alidhani ni nyota yenye mkia. Kumbe ilikuwa sayari, ile tunayoiita leo Uranus, ya kwanza kuongezwa juu ya zile watu walizozijua tangu zamani.

Tena kuna neno lingine. Mwaka 1690, John Flamsteed, mtaalamu wa nyota wa mfalme wa Uingereza, mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo, alikwisha kuiona Uranus. Aliiandika katika orodha yake kama nyota ya kawaida, akapita. Hatumcheki, vyombo vyake havikuwa na nguvu ya kuonyesha kile kisahani. Lakini aliyekuja kukiona ni mpiga kinanda, katika saa zake za mapumziko, na darubini aliyoitengeneza mwenyewe.

Caroline naye tusimsahau, zaidi ninyi wadada mnaoambiwa hapa shuleni kwamba ordinatere ni ya vijana wanaume. Ugonjwa wa utoto ulimzuia kukua, akabaki mfupi sana, na nyumbani walimhesabu kama mtumishi wa jikoni. Mwaka 1786 aligundua nyota yenye mkia, na kisha akagundua zingine. Tangu mwaka 1787 mfalme alimlipa pauni 50 kila mwaka kwa kazi ya kumsaidia kaka yake.

Wapenzi wa mashine nao wana mtu wao. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza sistemu ya ordinatere kwa kujifurahisha tu, haitakuwa kitu kikubwa. Ile sistemu ndiyo Linux. Leo matelefone ya Android yote yanasimama juu yake, hata ile mnayoficha chini ya mto wakati surveyan anapita.

Na mtu asituambie kwamba hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 1950, huku kwetu Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Eduardi, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, na ile nyingine 48. Inahesabiwa kuwa mfupa huo una miaka karibu 20,000. Mmarekani Alexander Marshack aliona ndani yake hesabu ya mwezi wa mbinguni, wengine wanaona hesabu ya namba tu, na mpaka leo hawajapatana. Mfupa wenyewe uko Bruxelles. Katika darasa letu tuliuliza nani anaujua. Mikono miwili ilipanda.

Sasa tufike kwa jambo linalotuuma zaidi, yale majina ya mababu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alikwenda likizo na kaye mbili. Kila magaribi alikaa na babu yake, akaandika: fulani alizaa fulani, mke wake alitoka ukoo gani, walihama kutoka kilima gani. Alifikia vizazi tisa. Aliporudi aliingiza yote katika mashine, siku ya posho kwa siku ya posho. Mwezi wa pili muzee alikufa. Kwenye kilio baba zake wadogo walibishana juu ya undugu na nyumba moja ya jirani, na wakubwa wakamwita yule kijana aje asome kaye yake. Kijana wa miaka kumi na sita! Na mwenzake wa kitanda cha juu, ambaye wazazi wake walikimbia vita mwaka 1996, hajui hata jina la babu yake mzaa baba. Wazungu wanafungua intaneti, wanakuta vitabu vya ubatizo vya karne nyingi. Sisi kitabu chetu ni kinywa cha muzee, na muzee hangoji mpaka kisha Exetat.

Mwalimu mmoja alitujibu kwa maneno ya Paulo, aliyemwonya Timoteo juu ya watu wanaoshughulika na vizazi bila mwisho. Tunamheshimu. Lakini Matayo naye anafungua Injili yake na vizazi, kumi na vinne mara tatu, na ndani yake anataja Ruti, mwanamke wa kabila geni. Paulo alikataza mabishano yasiyojenga. Na sisi tunakubali kwamba mtu akitafuta ukoo wake kwa kudharau kabila la mwenzake, atoke kundini siku ile ile.

Kwa hiyo tunaomba hivi kwa Bwana Prefe wa masomo na kwa waalimu. Chumba kibaki wazi siku ya posho, saa nane mpaka saa tisa, si zaidi. Mfinalisti aliye chini ya nusu ya pointi asiingie mpaka apande, na kama ni sisi, tutakaa nje kama wengine. Kila anayeingia aandike katika daftari jina lake na kazi aliyokuja kufanya, na surveyan asome daftari hilo akitaka. Mpira wa ekra tutaufuta wenyewe katika mashine zote sita.

Mkutano wa waalimu ni siku ya tano. Barua yetu yenye sahihi kumi na moja iko tayari kwenye biro ya direktere, na ufunguo tutautoa siku tutakayoambiwa.