Mchezo wa Kati: Kanuni Zake Ziko Wapi Katika Daftari Zetu?

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotumwa nyanjani kukusanya michezo ya watoto, aghalabu hurejea na nyimbo. Huziandika ubeti kwa ubeti, huziainisha, kisha huorodhesha sifa na umuhimu wake. Mchezo wenyewe huachwa uani. Mathalani, ukuti huingia daftarini ukiwa maneno matupu, bila mikono iliyoshikana, bila duara, bila kishindo cha watoto wanaojiangusha chini kwa pamoja. Nao mchezo usio na wimbo hauingii kabisa. Ni maoni yangu kwamba huu ni upungufu mkubwa katika taaluma yetu. Kanuni za mchezo, pamoja na ugomvi unaozizunguka, zinastahili kuandikwa na kuhakikiwa sawa na wimbo wowote. Nitautumia mchezo wa kati kuwa kielelezo.

Kati huhitaji watoto wasiopungua watatu, uwanja wa hatua kumi hivi, na mpira mwepesi ambao watoto hujitengenezea wenyewe. Zamani ulisukwa kwa mifuko ya plastiki. Tangu Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 2017, soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara hufaa vivyo hivyo. Watoto wawili husimama kwenye ncha mbili za uwanja wakitazamana: hao ndio warushaji. Wengine wote huingia kati, na hapo ndipo mchezo ulipopata jina lake. Mrushaji mmoja hulenga. Walio kati hukwepa kwa kuinama, kuruka ama kupinda kiuno. Mpira ukiwapita, mrushaji wa pili huudaka na kulenga kabla hawajageuka vyema. Aguswaye hutoka. Anayesalia peke yake hukwepa idadi ya mirusho waliyopatana, tuseme kumi, huku walio nje wakihesabu kwa sauti. Akifaulu, wenzake wote hurudi kati. Akishindwa, wawili waliotoka mwanzo huchukua zamu ya kurusha.

Kanuni nyinginezo hutofautiana baina ya ua na ua. Kwingine, kuudaka mpira humrudisha mwenzako aliyetoka. Kwingine, mpira uliogonga ardhi kwanza hauhesabiwi. Watoto wa Tanzania nao wana mchezo wa jamii hii uitwao rede, ambamo aliye kati hujaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa mpira.

Likizo moja nilikuwa nimeketi uani kwa shangazi yangu jijini Nairobi, daftari mkononi, nikisubiri watoto waimbe. Hawakuimba, walicheza kati. Msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, alikuwa amesalia peke yake na kukwepa mirusho minane. Wa tisa ukamgusa pindo la rinda. Mrushaji akashangilia, msichana akagoma kutoka.

"Haijanigusa mimi, imegusa nguo!"

"Imekugusa nguo!" akajibu mrushaji papo hapo.

Tuuache upatanisho wa ngeli, ambao mhadhiri wangu asingeupitisha. Tuitazame hoja. Msichana aliitenga nguo na mwili wake. Mpinzani wake akachomeka kiambishi cha mtendwa, -ku-, na kwa silabi hiyo moja akairudisha nguo mwilini. Ndivyo tusemavyo "amenikanyaga mguu", tukimaanisha kwamba ni mimi niliyekanyagwa, kinyume na "amekanyaga mguu wangu". Sisi hulijadili suala hili katika semina za sintaksia. Watoto wale walilitumia kuamua nani atoke.

Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko mchezo. Hatimaye wakapatana: nguo iliyo juu ya magoti ni mwili, iliyo chini ya magoti ni nguo tu. Kabla ya magharibi kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kumtoa msichana yule yule, naye akatoka bila neno. Daftari langu lilikuwa na tarehe na kichwa "Nyimbo za Watoto", basi.

Wataalamu wa kwingineko wameliona jambo hili zamani. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka wa 1932 kuhusu maadili ya mtoto, alianza kwa kuwahoji watoto juu ya kanuni za mchezo wa gololi. Alionyesha kwamba watoto wadogo huzichukulia kanuni kama amri isiyobadilika, ilhali wakubwa wao huzitambua kuwa mapatano yanayoweza kubadilishwa kwa ridhaa ya wachezaji. Nchini Uingereza, Iona na Peter Opie walichapisha mwaka wa 1969 kitabu kizima cha michezo ya watoto barabarani na viwanjani, wakieleza jinsi inavyochezwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba kuziandika kanuni ni kuzigandisha. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana nasisitiza kwamba ugomvi uandikwe pia: nani alipinga, kwa maneno gani, na walipatana vipi. Mwingine atasema kwamba kati ni mchezo wa mitaani, haumo katika urithi wa Mswahili. Lakini jina lake ni la Kiswahili, na watoto wa jamii mbalimbali huucheza na kuuzozania kwa lugha hii. Ushahidi gani zaidi tunautaka?

Fauka ya hayo, wakati hautusubiri. Mijini nyua zinageuzwa maegesho ya magari, na mlinzi wa lango ameagizwa kuwafukuza wenye mpira. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kucheza. Haki hiyo inahitaji mahali. Ua ukitoweka, mtoto hupoteza baraza ambamo hujifunza kushindwa kwa hoja na bado akarejea kucheza kesho yake.

Kwa hivyo nawaomba wahadhiri wetu wasipokee kazi ya nyanjani kuhusu michezo ya watoto iliyojaa nyimbo pekee. Waulize: wachezaji ni wangapi, wanasimama wapi, nani hutoka, nani huamua? Nasi wanafunzi tusikae pembeni na kalamu. Siku ile watoto waliniita niingie kati, nami nikatolewa kwa mrusho wa pili. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika mchezo huu, asiyeinama huguswa.