Matumbawe ya Indonesia yanatuambia nini juu ya maji ya Tanganyika?

Uvira, Kalundu, Kalemie: mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka ndani ya nyumba. Vijana walisema haijawahi kuonekana. Wazee wakajibu: sisi tuliiona, kisha ile mvua ya 1961. Nani anasema kweli?

Jibu moja liko mbali, ndani ya bahari. Kwenye visiwa vya Mentawai, karibu na Sumatra nchini Indonesia, kuna matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na vidudu vidogo vya bahari. Kila mwaka yanaongeza tabaka, kama vile mti. Maji yakiwa baridi, tabaka linabeba oksijeni nzito zaidi kidogo. Yakipata joto, inapungua. Hata matumbawe yaliyokufa zamani yanabaki na alama hiyo. Umri wake unajulikana kwa kupima uraniamu inayogeuka polepole kuwa toriamu.

Sasa sisi wa huku, inatuhusu nini? Kuna miaka Bahari ya Hindi inapoa upande wa Sumatra na kupata joto upande wa Afrika. Mawingu yanahamia huku: wao wanakauka, Afrika Mashariki inapigwa na mvua kupita kiasi, zaidi toka mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Ni vile ilikuwa 1961, 1997 na 2019.

Mwaka 2020, Nerilie Abram wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake walitoa matokeo ya matumbawe hayo. Yanasimulia miaka 500 kati ya elfu moja iliyopita. Matukio makali yalikuwa 10 tu, lakini 4 yametokea ndani ya miaka 60 ya mwisho. Na lile la 1675 lilizidi la 1997 kwa nguvu, hata kufikia asilimia 42.

Basi wazee wana ukweli, lakini hata wao hawajaona yote. Anayejenga kandokando ya ziwa kwa kufuata alama za maji anazokumbuka, anapima kwa kamba fupi.

Bahari peke yake haielezi kila kitu. Milima ikibaki bila miti, na Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, ukijaa mchanga, hasara inaongezeka. Hayo yako mikononi mwetu.

Tena bahari inaanza kugeuka katikati ya mwaka, miezi kabla ya mvua. Hapo ndipo tuwaulize viongozi: mitaro imesafishwa? Familia za kandokando zitahamia wapi? Kuuliza maji yakiwa mlangoni ni kuchelewa.