Motokari ya okazioni: tuangalie vizuri mbele ya kulipa



Likelemba ikijaa, vikundi vingi vinatuuliza: tununue motokari gani? Sisi tunajibu kwa ulizo lingine: itafanya kazi gani? Ile ya kupeleka watoto masomo hapa Lubumbashi si ile ya kuleta samaki kutoka Kasenga. Kwa mjini, motokari ndogo ya petroli inatosha. Kwa mizigo na matope ya masika, inaomba ile iliyo juu na yenye springi ngumu.

Mpya ao okazioni? Mpya ina garanti, lakini wengi wetu hatuifikie bei yake, na inapoteza thamani sana katika mwaka wa kwanza. Okazioni iliyotunzwa inaweza kutumika miaka mingi, ikiwa fundi wa mtaa wenu anaijua na vipande vyake viko sokoni. Ndiyo maana Toyota zimejaa barabarani kwetu. Nazo zinaharibika, lakini zinatengenezwa upesi. Motokari ya sifa inayongoja kipande kutoka Ulaya italala garaji miezi, na watoto watatembea kwa miguu.

Mwangalie upande wa volani. Okazioni nyingi zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Japani na Zambia wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Dereva anayekaa kuume haone vizuri mbele anapotaka kupita lori. Tena Hiace nyingi za Japani zina mlango wa abiria upande wa kushoto, na kwetu mlango huo unafunguka katikati ya barabara. Mama anayetaka kubeba watoto wa masomo afikiri sana juu ya mlango huo.

Siku ya kuangalia, muende mchana, na fundi wenu wenyewe. Fundi aliyeletwa na komisioneri anamtumikia komisioneri. Mwambie mwenye kuuza asiwashe moteri mbele hamjafika. Mkikuta kapo ina moto tayari, labda anaficha shida ya kuwasha asubuhi. Kisha muangalie haya:

Mafuta ya moteri. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Muache.

Moshi. Wa buluu unaonyesha kwamba moteri inakula mafuta yake. Mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, mara nyingi ni maji yanayoingia ndani ya moteri.

Taa za dashibodi. Ukifungua ufunguo, taa ya moteri na ya erbagi ziwake, kisha zizimike. Ile isiyowaka kabisa, pengine mtu ameitoa ili usijue ugonjwa.

Mikaba ya usalama. Uivute mpaka mwisho. Matope ndani yake yanaonyesha kwamba motokari iliwahi kuzama katika maji.

Pneu. Kuna nambari 4 pembeni: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Pneu iliyoliwa upande mmoja inaonyesha kwamba magurudumu hayakunyooka.

Kisha karatasi. Nambari ya shasi iliyochorwa katika chuma ifanane na ile ya karte roze na ya karatasi za duane, herufi kwa herufi. Ikipungua hata moja, msilipe. Msitoe avansi kwa motokari ambayo hamjaiona. Siku ya kulipa, muwe na mashahidi, na muuzaji atie sahihi.

Karte roze itaandikwa jina la nani? Mama aliyetoa pesa zake asione haya kuuliza. Tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mapatano. Sheria inataka mume na mke wapatane wote wawili. Basi zungumzeni nyumbani mapema, kwa amani, mbele pesa hazijatoka. Matata mengi yanazaliwa kwa kunyamaza: siku mume anapokufa, ndugu wanakuja kuchukua ufunguo, na mama hana hata karatasi moja yenye jina lake.

Pesa zenyewe, msizimalize zote kwa kununua. Tuseme kikundi kina dola 6,000. Mtafute motokari ya 4,800, na 1,200 zibaki kwa bima, kubadilisha karatasi, pneu na kazi ya kwanza ya garaji. Mkitoa zote 6,000, pneu ikipasuka juma la kwanza mtaanza kukopa.

Ikiwa motokari ni ya kikundi, muandike mbele ya safari ya kwanza: nani anaendesha, nani anaweka ufunguo, kila safari inaacha franka ngapi kwa matengenezo, na mama aliyezaa ao aliyefiwa anaitumia kwa bei gani. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Komisioneri akiwaambia kwamba kuna mwingine anayekuja kulipa jioni, mumwache huyo mwingine alipe. Motokari nyingine itapatikana. Pesa za likelemba zilizoliwa ni miezi mingi ya jasho la wamama, nazo hazirudi.