Amerudi jandoni, tumpokeeje?

Wapendwa, huku Masasi na Newala mtoto hurudi kutoka jandoni akijiona mtu mzima. Akiagizwa maji ananuna, shuleni anatoroka. Wengi tunakimbilia fimbo. Lakini tumemwambia amekua, kisha nyumbani tunamtendea kama jana.

Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926, hakulifuta jando. Aliliingiza kanisani, likabeba mafundisho ya Kikristo.

Katika Waefeso 6:4, Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto. Anataka pia wawalee kwa adabu. Basi mpe mwanao jukumu la kweli, msikilize, na akikosa mrudi bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Leo baada ya ibada, keti naye chini ya mkorosho, umwulize anapitia nini.