Nyumba na Skuli: Karatasi ya Mtihani Hupita Mikononi mwa Nani?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yatokapo, hutujia wazazi wenye maswali, na maneno yao yakipunguzwa hubaki mawili tu. La kwanza: Ni nani huyu aliyempa mwanangu alama hii, naye hajamwona hata siku moja? La pili ni letu sisi wa visiwani: Kwa nini mtoto apimwe na Baraza hili akiwa kidato cha pili, kisha akifika kidato cha nne apimwe na Baraza jingine lililo ng'ambo ya bahari? Mwezi huu twataka kuyajibu yote mawili, maana tumeona ya kuwa mzazi asiyeijua kazi ya Baraza huliogopa kama pepo, ama hutafuta mlango wa nyuma wa kuliingilia, na huyu wa pili ndiye atutiaye hofu zaidi.

Zamani, katika skuli nyingi za misioni, ilikuwa desturi mwalimu yule yule kufundisha, kutunga maswali, kuyasahihisha, na kutangaza nani amefaulu. Alimjua kila kijana kwa jina lake na kwa jina la babaye. Jambo hili lilikuwa na wema wake, kwa kuwa mwalimu hakudanganyika kwa siku moja ya homa. Alijua mwaka mzima kijana alikuwaje. Lakini cheti cha namna hiyo ni barua ya sifa tu. Mtu wa Tanga au wa Mombasa akiisoma, atajuaje kama mwalimu yule ni mkali au mpole, au kama kijana yule ni mpwawe? Chuo cha Kiungani kilipohamishwa kwenda Minaki, barani, mwaka 1925, vijana wa Unguja walianza kuvuka bahari kutafuta elimu ya juu, na avukaye bahari huhitaji kipimo kinachokubaliwa pande zote mbili.

Kipimo hicho kwa miaka mingi kilitoka Uingereza. Chuo kikuu cha Cambridge kiliunda idara yake ya mitihani ya skuli mwaka 1858, na mwaka 1863 kikaanza kuwatahini watoto wa ng'ambo, katika kisiwa cha Trinidad. Baadaye skuli za Afrika ya Mashariki, na za Unguja pamoja nazo, zikaingia katika mpango huo. Maswali yalitoka kule, na majibu yakarudi kule kusahihishwa. Kazi yao ilikuwa safi, hilo hatulikatai. Lakini msahihishaji wa kule aliijua karafuu kwa harufu ya jikoni tu, na kijana wetu alipaswa kujifunza mito ya Uingereza kabla ya kuijua mikondo ya bahari iliyo mlangoni pake.

Nchi za Afrika ya Mashariki zilipopata kujitawala, zilitaka kupima watoto wao wenyewe. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, ili Kenya, Uganda na Tanzania zifanye kazi hiyo pamoja. Halikudumu. Zanzibar ilijitoa mwaka 1970, na Tanzania Bara mwaka 1971. Kenya ikaunda Baraza lake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo watu wengi huliita NECTA, liliundwa kwa Sheria namba 21 ya mwaka 1973, na makao yake yako Dar es Salaam.

Hapa ndipo penye jibu la swali la pili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya mambo yaliyo ya Muungano. Elimu ya msingi na ya sekondari haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo Zanzibar ina Wizara yake ya Elimu, na skuli zetu huongozwa nayo. Lakini Baraza la Mitihani na kazi zake zimo, zimeandikwa waziwazi. Ndiyo kusema, afundishaye ni wa Zanzibar, na apimaye mwisho wa safari ni wa Muungano. Tena mwaka 2012 Zanzibar ilitunga sheria yake ya kuunda Baraza la Mitihani la Zanzibar, nalo ndilo lishughulikalo na mitihani ya skuli za msingi na ya kidato cha pili. Kidato cha nne na cha sita vimebaki kwa Baraza la Tanzania. Mtoto wa Mkunazini, wa Makunduchi au wa Mkokotoni akifika kidato cha nne hujibu maswali yale yale, saa ile ile, pamoja na mtoto wa Mwanza na wa Mbeya.

Sisi twaona mpango huu una faida na una hatari. Faida yake ni kuwa cheti cha Unguja hakidharauliwi popote katika Jamhuri. Hatari yake ni miaka ile miwili iliyo katikati. Mtoto amezoea namna ya kuulizwa ya Baraza moja. Kisha hukutana na namna nyingine, katika masomo ambayo, ukiacha Kiswahili na machache mengine, hujibiwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa kidato cha tatu asiyewaonyesha wanafunzi wake karatasi za zamani za kidato cha nne mpaka mwezi wa mwisho, amewanyima haki yao.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, la nani apimaye. Baraza lina wajumbe na mwenyekiti wao, na chini yao Katibu Mtendaji, msimamizi wa kazi za kila siku. Lakini hao hawatungi swali hata moja. Maswali hutungwa na walimu na wajuzi wa somo, hupitiwa na wengine wasio wale, ili swali lenye maana mbili liondolewe, kisha hupigwa chapa kwa siri, hutiwa katika bahasha zilizofungwa kwa lakiri, na kupelekwa mikoani chini ya ulinzi wa polisi. Bahasha haifunguliwi ila saa ya mtihani, mbele ya wasimamizi, na wasimamizi hao hutolewa skuli nyingine.

Mtoto haandiki jina lake katika karatasi ya majibu. Huandika nambari: kwanza nambari ya kituo, ambayo kwa mwanafunzi wa skuli huanza kwa herufi S na kwa mtahiniwa wa kujitegemea kwa herufi P, kisha nambari yake mwenyewe. Mtoto wa kasisi na mtoto wa mchukuzi wa bandarini, wakifika mbele ya msahihishaji, ni tarakimu tu. Walimu hukusanywa mahali pamoja baada ya mtihani, huelewana kwanza juu ya majibu yapasayo kupewa alama, kisha hukaa safu kwa safu: huyu asahihisha swali la kwanza peke yake, ampa jirani yake asahihishe la pili, na hivyo mpaka mwisho. Kwa njia hii hakuna mwalimu mmoja awezaye kumwinua au kumwangusha mtoto. Ukiulizwa ni nani aliyempa mwanao alama, jibu la kweli ni kuwa watu wengi walimpa, kila mmoja kidogo kidogo, wala hakuna aliyejua ya kuwa ni yeye.

Alama zikiisha kukusanywa, zachanganywa na zile zilizotoka skuli kwa kazi za mtoto za nyuma. Jambo hili wazazi wengi hawalijui, nasi tunalikariri: uvivu wa kidato cha tatu huonekana katika cheti cha kidato cha nne. Kisha alama hugeuzwa kuwa herufi, na herufi za masomo saba yaliyo bora hugeuzwa kuwa pointi. Aliye na pointi 7 hadi 17 yumo daraja la kwanza; 18 hadi 21 la pili; 22 hadi 25 la tatu; 26 hadi 33 la nne; azidiye hapo amepata sifuri.

Kule kugeuza alama kuwa herufi kwaonekana ni jambo dogo, lakini mambo ya mwaka 2013 yalionyesha sivyo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, yaani zaidi ya nusu yao. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu aliunda tume, chini ya Profesa Sifuni Mchome, kuchunguza. Ikaonekana, pamoja na sababu nyingine za ufundishaji, kwamba mwaka ule Baraza lilibadili namna ya kupanga alama katika herufi. Mwezi wa Mei 2013 Serikali iliamuru matokeo yapangwe upya kwa njia ya mwaka uliotangulia, na watoto wapatao 30,000 wakatoka katika sifuri. Angalieni: hakuna hata mmoja wao aliyeandika neno jipya. Karatasi ni zile zile na majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo. Baadaye, mwaka 2014, madaraja yakaondolewa na kuwekwa wastani wa pointi, na mwaka 2016 yakarudishwa tena. Mzazi aliyekuwa na watoto watatu wenye kufuatana miaka hiyo aweza kuwa na vyeti vya namna mbili katika sanduku moja.

Twayaeleza haya kwa ajili ya wale watoto ambao, wakipata sifuri, huambiwa nyumbani kwao ya kuwa hawana akili na kwamba wameaibisha ukoo. Sifuri ni habari ya kusikitisha, na mara nyingi ni ya haki. Lakini ni hesabu iliyofanywa na wanadamu kwa kanuni waliyoipanga wanadamu. Baba amwambiaye mwanawe kuwa Mungu hakumpa kitu, kwa sababu ya pointi 34, amelifanya Baraza kuwa kitu ambacho Baraza lenyewe halijapata kudai kuwa.

Sasa neno la huzuni zaidi. Mikono yote tuliyoitaja, ya mtunzi na ya mpiga chapa na ya polisi na ya msimamizi, yaweza kuwa safi, na kazi ikaharibika kwa mkono mmoja. Hapa kwetu, mwezi wa Desemba 2018, mitihani ya kidato cha pili ilifutwa kwa kuwa maswali yalivuja, na watoto ikawabidi kufanya upya. Hata yule wa kijijini asiyejua lolote alirudi kuketi mara ya pili pamoja na wezi. Barani, mwaka 2022, Baraza la Tanzania lilifuta matokeo ya watoto 2,194 wa darasa la saba na kufunga vituo 24 kwa ajili ya udanganyifu. Watoto wa darasa la saba! Nani aamini ya kuwa watoto wa umri ule walipanga jambo hilo wenyewe? Nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mtu mzima: mwalimu atakaye sifa ya skuli yake, ama mzazi aliyetoa fedha.

Imepata kusemwa mbele yetu, hata na watu wa kanisa, kwamba kununua maswali si wizi, kwa kuwa hakuna aliyepungukiwa na kitu. Twawajibu hivi. Nafasi za kidato cha tano zina hesabu yake. Aingiaye kwa maswali ya kununua amemtoa mwingine nje, naye hamjui jina wala sura, kama vile msahihishaji asivyomjua. Huyo aliyetolewa aweza kuwa mtoto wa mjane wa Bububu aliyesoma kwa taa ya kibatari. Kitabu cha Mithali kina maneno makali juu ya mizani ya uongo sokoni. Wala hatuoni kwa nini mizani ya skuli iwe nyepesi kuliko ya ndizi na muhogo.

Yapo mambo machache mzazi awezayo kuyafanya kwa halali, na twashangaa ni wangapi wasioyafanya. Wakati wa kuandikisha watahiniwa, mwende skuli mkayatazame majina. Jina la mtoto na liwe lile lile lililo katika cheti chake cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Mtoto wetu aliyebatizwa Yohana, na kuandikwa John katika cheti cha kuzaliwa, na kuitwa Juma na bibi yake, atapata taabu kubwa siku atakapotafuta kazi ikiwa majina haya yamechanganyika katika karatasi. Tazameni pia masomo aliyoandikiwa. Mwulizeni mwalimu mkuu alama za kazi zake za skuli zimepelekwa au sivyo. Na matokeo yakitoka nanyi mkaona hakika yako makosa, iko njia ya rufaa: huombwa kwa kupitia mkuu wa skuli, kwa ada, kabla ya siku za rufaa kwisha, na karatasi hutazamwa upya. Msiende kwa mtu wa mtaani asemaye ana ndugu yake Barazani. Huyo ana njaa yake tu.

Walimu watatu wametuomba tueleze namna ya kutunza daftari la alama za mwaka, na jinsi ya kuziandika ili zisikataliwe. Hilo tutalileta mwezi ujao, pamoja na mfano wa ukurasa mmoja uliojazwa.