GANZI YA MIKONO SI UVIVU

Ndugu wanachama, matarishi wetu wa pikipiki wanalalamika kwamba mikono hufa ganzi njiani. Matajiri wengine hujibu kuwa ni baridi ya asubuhi, au uvivu. Sivyo hata kidogo. Mtu akikaza usukani mchana kutwa, kifundo cha mkono kimepinda, mshipa wa fahamu hubanwa, na mtetemo wa injini huzidi kuuumiza. Mara nyingi ganzi hushika kidole gumba na viwili vinavyofuata, na usiku humwamsha mtu.

Basi legezeni mkono. Rekebisheni usukani hata kifundo kinyooke, wala msiulalie kwa uzito wa mwili. Lakini mipira ya kushikia iliyokwisha na injini inayotikisika kwa kulegea bolti, je, mfanyi kazi atengeneze kwa mshahara wake? Hiyo ni juu ya tajiri mwenye pikipiki.

Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahusu pia maradhi yatokanayo na kazi. (Ni ya walioajiriwa, ndugu zetu wa bodaboda wanaojitegemea haiwafikii, nalo ni jambo la kudaiwa.) Mwenye ganzi isiyoisha aende kwa daktari kabla hajashindwa kushika breki, ampe tajiri habari kwa maandishi, na nakala ailete kwa katibu wa tawi.